Nyota ya Muzee Raphaël

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa kumi

Nimechoka. Sauti imeisha, chaki iko mpaka ndani ya pua. Fizikia katika kalasi ya sita, batoto bamejaa mpaka dirishani, na hakuna hata mumoja mwenye anataka kujua kwa nini jiwe linaanguka.

Lakini habari iko: prefe wetu, mukubwa wa shule, amehamishwa, ameenda Bukavu. Kiti chake kiko wazi! Kiti chenye mugongo, ndani ya biro yenye mulango. Mungu wangu, mulango! Muntu anafunga, anakaa, ananyamaza. Sitaki kitu kingine katika maisha haya. Komite ya bazazi itachagua Jumapili nyuma ya ibada, na komite ni Muzee Raphaël, tajiri wa mitumbwi ya kuvua samaki ndakala. Bengine banatikisa vichwa tu.

Wilfried, mwalimu wa jiografia, ameanza zamani kumubebea Muzee Biblia. Mi sina kitu cha kubeba.

Ila hiki. Saa ya mapumziko, kwa Jérémie mwenye kuchajisha simu, nilifungua ile kazi yangu ya bure. Darubini za ng'ambo zinapiga picha za mbingu, na sisi bantu ba kujitolea tunalinganisha picha ya zamani na ya leo. Leo, pembeni ya galaksi moja ya mbali, nukta. Zamani haikuwako. Nilitia alama. Kama ni supanova, basi ni nyota imepasuka, na ni mi niliyeiona!

Jumatano, tarehe 11

Jibu limefika. Si uchafu wa kamera, si jiwe la kupita. Ni kitu kweli! Sasa darubini kubwa zaidi itagawanya mwangaza wake rangi kwa rangi, kama upinde wa mvua, ili baseme ni supanova ya aina gani. Tuliiona bantu saba siku moja, mumoja ni mama muzee wa Poland. Yule mama sitamutaja.

Mupango umekuja wenyewe. Nilienda kwa Muzee, nikamuambia nimegundua nyota mupya, na itaitwa Raphaël. Kisha aliagiza bugali na samaki mukeke mukubwa. Aliuliza kama inaonekana toka ziwani. Nikasema hapana, iko mbali mno. Aliuliza kama Anatole wa Nundu, mwenye mitumbwi sawa yeye, ana nyota. Nikasema Nundu nzima haina. Alicheka mpaka machozi, akaniita mwanangu. Nilirudi kwa miguu, mugongo ukiniuma, lakini tayari nilisikia ule mulango ukifunga.

Ijumaa, tarehe 13

Shida. Jina rasmi limetoka: mwaka na herufi, kama plake ya namba ya pikipiki. Niliandika kuomba baongeze Raphaël, hata pembeni, hata kwa herufi ndogo. Balijibu kwa heshima kwamba haiwezekani. Nitanyamaza. Nani hapa mujini Baraka atauliza?

Lakini Muzee hanyamazi. Ameambia bavuvi, ameambia bamama ba soko, na korali inafundishwa wimbo wa nyota. Wilfried ameona hatari: sasa anabeba Biblia na kiti cha Muzee. Bibi yake Tania, mwenye mimba ya kuzaa leo ao kesho, alinisalimia vizuri kuliko siku zote. Bantu banaanza kunijua.

Suzanne, bibi yangu, aliuliza nyota kupasuka maana yake nini. Nilimuambia aache sayansi. Akasema mudomo uliponza kichwa, akaendelea kutwanga majani ya sombe.

Jumapili, tarehe 15

Sina nguvu ya kuandika. Nitaandika.

Mesaji ya kusema aina ya supanova ilifika katikati ya mahubiri. Aina ya pili! Kidogo nipige makofi. Nyuma ya ibada komite ilikaa, bantu balibaki bamejaa, korali iliimba, Muzee mbele kabisa na koti lake la harusi. Kiti nilikuwa nakiona. Njo Wilfried akanyoosha mukono, sauti laini, akaomba mwalimu atufafanulie hii nyota iko ya aina gani.

Nani alinituma kusimama? Lakini miaka yote hii hakuna muntu ameniuliza swali kwa kutaka jibu! Nikasimama. Nikaeleza kwamba ndani ya mwangaza bameona hidrojeni, kwa hiyo ni aina ya pili: nyota kubwa, nzito, imekula akiba yake yote mpaka tumbo likakosa nguvu, ikajiangukia, ikapasuka. Wilfried akauliza polepole kama basi ni marehemu. Nikajibu marehemu kabisa! Toka mamilioni ya miaka! Huu mwangaza ni habari ya kifo tu, imechelewa njiani!

Kisha Mama Adolphine, bibi ya Muzee, akaweka mikono kichwani. Yooo! Akalia kwamba nimemupa mufu jina la bwana yake, ndani ya nyumba ya Mungu, na bwana yuko muzima. Korali ikalia pamoja naye. Benye balikuwa inje balisikia kilio, balikimbia kutafuta turubai ya matanga. Muntu mumoja akapigia simu ndugu ba Muzee kule Fizi. Muzee alikuwa anasema yuko hapa, yuko hapa. Hakuna mwenye alimusikia.

Jumanne, tarehe 17

Ndugu ba Fizi balishuka na lori, ba Lulimba na mapikipiki, na unga, na mbuzi ya matanga. Balikuta marehemu anakula ndakala. Niliitwa mbele ya ukoo. Nilitoa kuku mweupe, nikatangaza kwamba nyota ile haiitwi Raphaël, ina plake tu. Ilikuwa kweli tupu, na njo siku ya kwanza bantu baliniita muongo.

Prefe ni Wilfried. Amri ya kwanza: hakuna simu saa ya mapumziko. Ya pili: masaa yake ya jiografia nayachukua mi. Toka kalasi yangu nasikia mulango wake. Unafunga vizuri sana. Nilitaka kulia, lakini hata kulia ni kazi.

Jumamosi, tarehe 21

Hakuna masomo. Nililala mpaka jua kali, nimeamka nimechoka vile vile. Nilienda kwa Jérémie kuchajisha. Kuchajisha tu! Galaksi ndogo, karibu na ukingo wa picha. Nukta. Wiki jana haikuwako.

Safari hii sirudii kosa. Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa moja: nilimupa muzee. Muzee na kifo ni majirani, bantu banashtuka upesi. Lakini jana Tania amezaa, mutoto mwanamuke, muzima, na Wilfried anacheka na kila muntu, hata na mi. Mutoto hana jina bado. Nyota mupya, mutoto mupya, jina moja, nani atakataa? Baba akifurahi, ataniondolea angalau masaa ya jiografia.

Kesho nyuma ya ibada, mbele ya korali nzima. Suzanne simuambii. Nitamushangaza.