Shangazi, Mimi ni Mzungu wa Aina Gani?

Irving, Texas

Kwa Shangazi Badria,
Mwenyekiti, Kamati ya Sherehe ya Idi,
Sugar Land.

Assalamu alaikum, Shangazi. Baada ya kukuamkia kwa adabu zote, nakuandikia mimi Yumna, binti wa kakako, kuhusu jina langu kufutwa kwenye orodha ya wasomaji wa hotuba ya makaribisho. Siku ya sherehe Bibi atakuwa amefika kutoka Mombasa, na nilimwahidi kwamba atanisikia.

Kosa langu nalikiri. Siku ya mazoezi nilisema, "Karibuni viongozi, vijana na vizee." Nilidhani ikiwa viongozi wana vi- yao na vijana wana yao, wazee nao si vyema wanyimwe. Sikujua kuwa nimewaita vikongwe waliokunjamana. Lakini ulipolikata jina langu ulisema mbele ya kamati, "Huyu keshakuwa mzungu." Hapo ndipo penye malalamiko yangu.

1. Hukusema mzungu yupi. Maktaba ya shule ilikuwa ikitupa vitabu vikuukuu, nikaokota kimoja cha wataalamu wa zamani walioigawa Ulaya kwa vichwa. Upana wa kichwa, juu ya masikio, unagawanywa kwa urefu wake toka paji la uso hadi kisogo, kisha mara mia. Kichwa kirefu, kimo kirefu na nywele za dhahabu: mtu wa Kaskazini. Kichwa cha mviringo: mtu wa Milima ya Alpi. Kichwa kirefu, kimo kifupi na nywele nyeusi: mtu wa Mediterania. Wao walikuwa na majina matatu na vyombo vya chuma. Wewe una neno moja, na hukunipima.

2. Nimejipima mwenyewe, kwa rula na vitabu viwili. Nimepata sabini na nne, ambacho ni kichwa kirefu, na kwa kimo changu kifupi na nywele nyeusi, basi ni Mediterania. Aiman wako alipokuja kwetu nilimpima pia, ingawa aliniuliza kama nampimia sanda. Yeye ni themanini na tatu, kichwa cha mviringo: mtu wa milimani, naye amekulia Sugar Land, ambako kilima pekee ni daraja la barabara kuu. Mjomba Abdulghafur, mumeo, ana kimo na kichwa vya Kaskazini, na kwa kuwa ana upara, nywele za dhahabu hazikuweza kukanushwa. Shangazi, umeolewa Ulaya na umezaa Ulaya, lakini aliyefutwa ni mimi.

3. Mwalimu wangu wa fizikia, mzungu wa kuzaliwa, ana kichwa cha mviringo, nywele za dhahabu na kimo cha mlango. Hayumo katika kundi lolote. Kitabu kinamwita mchanganyiko, nami nilimpa pole. Ila kwa vipimo hivihivi watu walipangwa nani bora na nani duni, na nchi hii ikawafungia wengi mlango. Sikucheka nilipofika ukurasa huo.

4. Ikiwa uamuzi wako ni wa mwisho, naomba haki zangu za kizungu. Idi iliyopita jirani yenu mzungu alisema "jambo" moja tu, akapigiwa makofi na kuongezewa pilau. Mimi nilisema sentensi kumi na mbili nikafutwa kwa silabi moja. Naomba kiti cha mbele, makofi kwa kila neno, na nisibebeshwe sinia za sambusa.

Basi kamati inirudishie jina langu, au inipe cheti chenye muhuri kinachotaja aina yangu, nikampe Bibi badala ya hotuba.

Nisalimie Mjomba, Aiman na wanakamati wote, hasa waliocheka.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Yumna

Tanbihi: Mama ameniambia sasa hivi kuwa jina langu ulilirudisha tangu Jumanne, na kwamba idadi ya wageni watakaokuja imefika mia tatu. Shangazi, nimefikiri upya. Mimi ni mzungu, wa aina yoyote itakayoifaa kamati. Tafadhali nifute.