Viatu vya Mzee Rurangwa

Jumapili, 2 Novemba. Louisville.

Mvua kutwa. Nimelowa mpaka soksi, na mpango wenyewe ulikuwa wangu.

Kirezi anapenda manga, zile katuni za Kijapani za mapenzi na vichekesho. Alipofika Marekani kutoka kambi ya wakimbizi alikuwa msichana asiyejua neno la Kiingereza. Mwalimu akamwachia vitabu vya picha, akajifunza lugha humo. Humo humo, anasema, ndimo alimoanza kucheka tena. Anachokipenda kuliko vyote kinahusu kijana mwenye haya na binti wa muuza maua. Siku moja wanajifunika mwavuli mmoja, na basi, moyo umekwenda.

Nikaona kumbe kazi ni ndogo. Baada ya ibada kanisani kwao nikauficha mwavuli wake nyuma ya spika. Nikamsubiri mlangoni na wangu, mkubwa, mweusi, wa kutosha watu wawili wanaopendana. Kirezi akaja, akanishukuru kwa dhati, akauchukua, akamfunika dada yake Vestine, wakaenda zao garini. Nikabaki mlangoni nimejikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

Vestine aliuliza mwavuli wa mdogo wake umekwenda wapi. Nilimjibu kwamba siku hizi watu hawaaminiki, hata kanisani. Mchungaji alikuwa amesimama pale pale. Aibu.

Jumatano, 5 Novemba. Louisville.

Kirezi amekubali niende kwao kuposa! Wazazi wake wako Lackawanna, jirani na Buffalo. Jumamosi ya wiki ijayo.

Nilipopata habari nilikuwa ghalani, zamu ya asubuhi. Nilijibanza nyuma ya maboksi ya chakula cha mbwa nikalia kidogo. Mwanamume mzima, Mhaya wa Muleba. Sina ninachokitaka duniani kuliko huyu binti. Naandika hivyo hapa kwa sababu kumwambia mwenyewe nashindwa. Kila nikijaribu naishia kumweleza hali ya hewa.

Alinipa sharti moja dogo: nisome kile kitabu cha mwavuli, hasa juzuu ya mwisho. Alisema kuna jambo humo litakalonisaidia mbele ya baba yake. Nikamjibu kwamba nilishasoma juzuu zote. Kwa nini nilisema hivyo? Sijui. Mdomo wangu hauniulizi.

Jioni nikaazima juzuu ya kwanza maktaba ya Iroquois. Nimeimaliza. Hadithi ya ajabu. Wanaanza wakiwa wanapendana, kisha mapenzi yanapoa kidogo kidogo, mwisho hawajuani hata majina. Nikampigia Kirezi kumwambia jinsi inavyohuzunisha. Akasema kwa upole kwamba vitabu vya Wajapani vinaanzia upande wa kulia, kwa hiyo mimi nimesoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nikasema nilikuwa namtania. Akasema sawa. Ile sawa yake ilinichoma kuliko kicheko.

Jumapili, 9 Novemba. Louisville.

Kuna mtu anaitwa Nshuti. Anafanya kazi kiwandani Tonawanda, huko huko Buffalo, anaongoza kwaya, ana sauti ya kutikisa vikombe. Kila siku yuko kwenye simu ya Kirezi. Leo nimemwona kwenye video akimuuliza Jumamosi atavaa nini. Atavaa nini! Inamhusu?

Kirezi anamwita kaka. Mimi si mtoto. Kwenye tamthilia za Kijapani ubaya wote huanza na mtu anayeitwa kaka.

Juzuu ya mwisho maktaba hawana, mpaka waagize. Sina muda wa kuagiza. Bahati nzuri kuna filamu, ya watu kabisa, si ya katuni. Nani ahangaike kusoma wakati wengine wameshaigiza? Nimeitazama, nikairudia. Mwisho wake mtamu: kijana anakwenda kwa baba wa binti, baba anasema mbele ya watu kwamba hapa hapana binti wa kumpa. Kijana anainuka kimya, anatoka mbio kwenye mvua mpaka stesheni. Binti anamkimbilia. Treni inaondoka bila wao, wamekumbatiana.

Nimemwambia Kirezi kwamba mwisho wa kitabu naujua kama Baba Yetu. Alifurahi mno. Alisema basi moyo wake umetulia. Wangu haukutulia, lakini ningefanyaje?

Ijumaa, 14 Novemba. Columbus.

Nimelala kwa Mzee Sipriani. Ndiye mshenga wangu, mzee wa Bukoba, ameshawaposea vijana wengi wa kwetu. Ametayarisha kahawa za kutafuna, amezifunga vizuri kwenye ganda la mgomba. Anasema Mhaya haendi kwa watu mikono mitupu.

Baada ya chakula alianza kunieleza desturi za Wanyamulenge, watu wa kina Kirezi kutoka Kongo. Amewapigia simu wazee wao, ameuliza, amejifunza. Alisema msemaji wao atatuzungusha sana kwa maneno, na kazi yangu mimi ni moja tu, kukaa. Nilikuwa na sikio moja kwake. La pili lilikuwa na kisikilizio cha simu, kwa sababu kumbe ile hadithi ina tamthilia pia, na nilitaka kuona wameimalizaje. Mzee akasema jambo kuhusu kukataliwa. Nikaitikia ndiyo, mzee. Akasema mvumilivu hula mbivu. Nikaitikia ndiyo, mzee.

Kwenye tamthilia pia anakimbia.

Jumamosi, 15 Novemba. Buffalo.

Naandika nikiwa kituo cha mabasi. Sina koti.

Tulifika kwa Mzee Rurangwa mchana, theluji inaanguka. Tukavua viatu mlangoni. Sebule imejaa, sisi tumekaa upande huu, wao upande ule, katikati meza ya Fanta na sambusa. Kirezi hayupo. Alikuwa ndani, hatoki mpaka aitwe. Mzee Rurangwa amenyooka kitini, suti ya kijivu, hasemi. Anayesemea familia akasimama. Nani? Nshuti.

Mzee Sipriani akaeleza kwa adabu kwamba tumeona ua kwenye bustani yao na tumekuja kuliomba. Nshuti akakohoa. Akasema kwa ile sauti yake, "Bon, mzee, ule binti munatafuta, hapa kwetu haiko. Tulisha kumupa mutu mwingine, mutu wa heshima."

Watu wakacheka. Nikamtazama Mzee Rurangwa: ameinamisha kichwa, anatabasamu. Nikamtazama Mzee Sipriani: anatafuna kahawa yake taratibu kama mtu aliyekuja kusalimia tu. Masikio yakanipata moto. Mtu wa heshima! Na kwaya anaongoza yeye!

Nikainuka. Sikusema neno, kama kwenye filamu. Nikapita kwenye magoti ya watu, nikaingiza miguu kwenye viatu, nikatoka mbio. Funguo za gari zilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa ndani. Haidhuru, nikasema, hata yule kijana hakuwa na gari.

Stesheni ya treni sikuiona. Nikasimama kituo cha basi, mbele ya nyumba yao. Pazia la chumba kimoja likasogea. Nikajua anakuja. Nikajiweka vizuri, uso upande, theluji inaniangukia nyweleni. Mlango ukafunguliwa. Akatoka Nshuti, koti langu mkononi, anapaza sauti, "Shemeji, rudi! Unakwenda wapi?" Ananiita shemeji. Amenichukulia mchumba, sasa ananidhihaki barabarani. Pale pale basi likasimama, mlango ukafunguka mbele yangu, dereva ananitazama. Ningemwambia nini, kwamba nimesimama tu? Nikapanda.

Kirezi hakutoka.

Ndani ya basi ndipo nilipoona vidole vinaniuma. Nikatazama chini. Viatu vya kahawia, vya ngozi, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa. Vyangu ni vyeusi.

Jumapili, 16 Novemba. Njiani.

Basi la kurudi Louisville limesimama Columbus. Sikuwa na uso wa kushuka kwenda kumsubiri Mzee Sipriani nyumbani kwake. Akapiga simu mwenyewe. Amefika salama, kwa gari langu. Aliyeendesha ni Nshuti, ameomba ruhusa kazini, na kesho atalileta gari mpaka Louisville.

Mzee hakufoka. Afadhali angefoka. Alinieleza polepole, kama ninavyostahili. Nshuti ni mtoto wa mdogo wake Mzee Rurangwa, yaani kaka kweli. Kule kukataliwa ndiko posa yenyewe. Kwao mgeni hupewa hapana kwanza, aone kama ana subira, na kila aliyekuwa sebuleni alilijua hilo isipokuwa mimi. Akaniuliza Ijumaa nilikuwa nasikiliza nini. Nikasema mtandao ulikuwa unakatika. Tulikuwa tumekaa kochi moja.

Kisha akaniambia la mwisho. Mzee Rurangwa leo amekwenda kanisani na mabuti ya kiwandani, yale yenye chuma mbele, kwa sababu viatu vyake vya ibada havionekani.

Nimelia. Abiria wa jirani amenipa tishu.

Jumanne, 18 Novemba. Louisville.

Kirezi amekuja. Hakuvua koti. Ameleta juzuu yake ya mwisho, imechakaa, imebandikwa gundi ubavuni. Akanifungulia upande wa kulia, akanionyesha kwa kidole kama mtoto wa shule.

Kwenye kitabu kijana hakimbii. Baba anasema hapa hapana binti wa kukupa, na kijana anainama, anakaa. Chai inapoa. Kurasa nyingi hakuna anayesema kitu, ni mikono tu, na vikombe, na mvua dirishani. Mwishowe baba anamjazia chai upya. Kirezi aliniambia ndiyo sababu anakipenda. Mjapani, alisema, amechora sebule ya babu yake Kirezi bila kuijua. Wenye filamu wakaona kukaa hakupendezi, wakaweka mbio.

Nikaungama kwamba sikukisoma. Akasema alijua tangu siku ile niliposoma kinyumenyume, ila alitumaini.

Akaniambia pia kwamba Nshuti alikuwa amebakiza sentensi moja. Yule mtu wa heshima waliyekwisha kumpa binti yao ni huyu mgeni aliyekaa mbele yao, yaani mimi. Ndivyo ilivyokuwa imepangwa. Nilitoka kabla ya sentensi kuisha. "Nilikuwa nyuma ya mulango nashika maziwa ya kupokea mukwe," akasema, "ili nikuletee. Yakapolea mu mikono." Akafuta machozi kwa kiganja. Nilitaka kumwambia nampenda. Nikasema leo baridi imezidi.

Baba yake hajakasirika. Kahawa za Mzee Sipriani amezipokea na hakuzirudisha, na kwa watu wazima hilo ni jibu. Amesema niende Jumapili, nirudishe viatu, niseme nimekosea, kwa mdomo wangu mwenyewe. Basi. Baada ya hapo nitakaa, na watanikataa upya kwa utaratibu.

Mlangoni Kirezi aligeuka. Alisema mwavuli asiuone, filamu asiione. "Ukileta tena sinema, Ladislaus, bon, mimi nafunga kitabu." Hakuwa anatania. Nimeapa kwa marehemu mama.

Alhamisi, 20 Novemba. Louisville.

Siku mbili nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Baba, nimekosea. Maneno mawili, na yananikwama kama mfupa wa sangara. Nikiwaza ile sebule, yale magoti niliyoyapita, yale mabuti ya chuma kanisani, natamani ardhi inimeze. Mzee Sipriani anasema aibu ya kusema ni ya dakika, sema tu yaishe. Kwake rahisi, yeye viatu alivaa vyake.

Jana, kutuliza akili tu, nikafungua tamthilia nyingine ya Kijapani. Hii haina mwavuli, nilihakikisha. Kijana anateleza kwenye barafu, anagonga kichwa, anasahau kila kitu. Jamaa waliomkasirikia wote wanakuja kitandani wanalia. Hakuna anayemdai radhi. Utamdai vipi radhi mtu asiyekumbuka kosa? Na binti anampenda upya tangu mwanzo, kwa usafi zaidi.

Sikulala, nilikuwa natafakari. Kirezi alikataza mwavuli na filamu. Hii ni tamthilia.

Bandeji nimenunua. Asubuhi nimempigia Vestine, kwa sauti dhaifu, kwamba nimeteleza maegeshoni na kichwa hakiko sawa. Akaniuliza kama bado nakwenda Lackawanna. Nikamuuliza Lackawanna ndiyo nini. Nikamsikia anamwita Kirezi. Nikakata. Nadhani imeingia.

Limebaki tatizo moja, viatu. Mtu aliyesahau yote atakumbukaje kurudisha viatu? Nimepata jibu. Nitavivaa. Vinabana, nitavumilia, mvumilivu hula mbivu. Nikiulizwa ni vya nani nitavitazama kwa mshangao na kusema sikumbuki.

Nimeyaandika yote hapa nisije nikasahau.