Amplifaya ya Kumrudisha Mke Wangu

Jumatatu, 9 Juni

Mke wangu bado yuko kwa dada yake. Wiki ya pili hii. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nachemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, halafu nainywa yote peke yangu kwa hasira.

Leo nimelifikiria jambo lenyewe kwa utulivu, kama mwalimu wa udereva anayejiheshimu. Alisema nini hasa siku ile? Tulikuwa ndani ya gari tunatoka sokoni. Redio inakoroma. Yeye anaongea, mimi naipiga spika ya mlangoni kwa kiganja ili iamke. Kisha akasema taratibu kabisa: "Sisi hatusikilizani tena." Nikamwambia ni kweli, spika ya kushoto imekufa na ya kulia inaelekea huko huko. Akaniomba nimshushe kwa dada yake. Nikamshusha. Nilidhani anakwenda kusalimia.

Sasa nimeelewa. Hakusema hanipendi. Hakusema amechoka. Alisema hatusikilizani. Hilo ni tatizo la sauti, na tatizo la sauti lina dawa yake dukani. Inaitwa amplifaya.

Jambo lingine. Gari letu ndilo ninalofundishia, mwanafunzi kwenye usukani, mimi kwenye kiti cha abiria. Kiti hicho ni chake. Alikiacha kimevutwa mbele mpaka mwisho, maana mwenyewe ni mfupi. Sijakigusa. Magoti yangu yanasugua dashibodi kutwa nzima na breki yangu ya mwalimu naikanyaga kwa kubahatisha. Hakisogezwi mpaka arudi.

Jumanne, 10 Juni

Kwa fundi wa redio za magari. Nimekwenda kutafuta ushauri, nikakuta mtihani. Spika zako zinabeba wati ngapi? Betri yako ya ukubwa gani? Redio yenyewe ni ya lini? Nimejibu yote kwa kujiamini bila kujua hata moja.

Akanitolea kiamplifaya cha ukubwa wa sahani. Akasema spika zangu ni ndogo, hiki kinaziweza, sauti itatoka safi na mtu wa pembeni bado utamsikia. Nikamuuliza ile ya rafu ya juu je, iliyoandikwa 3000 kwa maandishi ya dhahabu. Akasema namba hiyo ni ya boksi, kilichomo ndani ni habari nyingine. Halafu akasema nilete gari, aone spika kwanza. Fundi gani huyu anayekataa kuuza? Simwamini.

Nikiwa mlangoni nikalisikia gari la Mtikisiko kabla sijaliona. Mtikisiko ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Akiwasha redio yake, vifuniko vya sufuria zangu vinacheza. Mke wangu aliwahi kusema mtu yule ana raha zake. Alilisema vipi sikumbuki, lakini alilisema, na mimi nililiweka moyoni.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwendea Mtikisiko. Nikajifanya namtafutia binamu yangu amplifaya. Akauliza binamu ana gari gani, nikamtajia gari langu mpaka rangi. Alicheka sana kwa mtu asiyeambiwa kichekesho.

Anayo amplifaya yake ya zamani, kubwa kama sanduku la nguo, pamoja na sabufa, ile spika ya besi. Haiuzi. Anabadilishana. Anataka televisheni yangu.

Nikawaza. Televisheni ya nini kwangu? Hakuna wa kugombania naye rimoti. Jana nimeiangalia tamthilia ya mke wangu mwanzo hadi mwisho ili akirudi nimsimulie. Katikati nikageukia upande wa kochi anaokaa yeye, nikauliza yule mzee mwenye fimbo ni baba wa nani. Kochi halikujibu. Mpaka sasa sijui ni baba wa nani, na inaniuma.

Mtikisiko ameibeba televisheni saa hiyo hiyo. Amesema anawahi kabla binamu hajabadili mawazo.

Alhamisi, 12 Juni

Amplifaya nimeifunga mwenyewe. Fundi, nilipopita kumwonyesha waya niliouchagua, alisema ni mwembamba, utachemka. Waya huo nimeutoa kwenye taa ya kitandani, upande wangu. Taa ya upande wake sikuthubutu kuigusa.

Kazi imekubali. Besi inagonga mpaka kwenye fizi. Kila ikigonga, taa za mbele zinafifia kidogo. Nimeamua hilo ni pambo.

Mwanafunzi wa leo ni mkunga mstaafu, mama asiyeogopa kitu duniani isipokuwa mzunguko wa barabara. Nikawasha muziki kwa majaribio. Injini ikamzimikia katikati ya makutano. Akaiwasha, ikamzimikia tena. Akaizima redio kwa kidole chake mwenyewe, honi zikipigwa nyuma yetu, akauliza nina nini siku hizi, mbona nimejikunja pale kama mtoto aliye tumboni. Alinibana mpaka nikasema yote. Mke alitamka neno gani hasa? Nikamwambia: hatusikilizani.

Akanitazama muda mrefu mno kwa mtu aliyeshika usukani. Akasema, mwanangu, hilo si neno la redio. Nikamkumbusha kutazama kioo na kuwasha indiketa. Amekasirika, na kwa hasira hizo mzunguko ameupita vizuri kuliko siku zote.

Ijumaa, 13 Juni

Amepiga simu. Mwenyewe!

Nilikuwa garini najaribu wimbo wetu, ule tulioingia nao ukumbini siku ya harusi, yeye akikanyaga shela na mimi nikimkanyaga yeye. Kuona jina lake kwenye simu nikakimbilia kupunguza sauti, nikaongeza. Nilichoambulia ni hiki: kesho, saa nne, nimfuate, tukae ndani ya gari tuongee, maana kwa dada yake watoto hawampi mtu nafasi. Kisha kulikuwa na kitu kilichoanza na "usi". Usichelewe, bila shaka. Nikaitikia sawa, mke wangu, sawa, sawa.

Simu ilipokatika niliendelea kuishika sikioni. Sauti yake ilikuwa na mafua, au alikuwa amelia. Sikuweza kupambanua kwa sababu ya besi.

Nimelisafisha gari mpaka chini ya mazulia. Nimeokota pini yake ya nywele. Nimeirudisha pale pale nilipoikuta.

Jumamosi, 14 Juni

Sikuchelewa. Nilikata kona ya mtaa wa shemeji, nikawasha wimbo wetu na kuupandisha. Mapazia ya nyumba tatu yalifunguka. Shemeji akatoka amejishika kiuno. Nyuma yake mke wangu, na gauni la bluu, lile ninalolipenda. Nilimkumbuka hata wakati namwona.

Akaingia, akakaa. Kiti kikampokea vizuri kabisa. Akakipapasa pembeni, akayatazama magoti ya suruali yangu yaliyochakaa kwa dashibodi, akanitazama usoni. Nikaisoma midomo yake: hukukisogeza? Nikatikisa kichwa. Akatabasamu. Nilikuwa nimekaa siku zote hizo nikiungoja uso ule. Nikaona wimbo umemkolea, nikaongeza besi.

Akaanza kuchezesha midomo. Nikajua anaimba. Nami nikaimba naye ubeti wa pili wote, nimemkazia macho, nikiweka hisia. Akainyooshea redio kidole, nikamnyanyulia dole gumba. Akaweka mkono kifuani. Machozi yakamlengalenga. Bado anaimba tu. Nikasema moyoni, laiti mkunga angekuwepo hapa.

Halafu pa! Harufu ya plastiki. Moshi kutoka chini ya kiti cha nyuma. Kimya. Gari lile halijawahi kuwa na kimya cha namna ile tangu nilinunue. Na katikati yake sauti ya mke wangu, anamalizia:

"...basi mimi narudi nyumbani leo hii."

Hilo nililisikia vizuri. Narudi nyumbani leo hii. Lakini kabla yake kulikuwa na nini? Nifanye nini? Niache nini? Hakuwa akiimba. Alikuwa amesema yote yaliyomjaa, toka mwanzo, na mimi nilikuwa nikimfunika kwa ubeti wa pili. Sasa ananitazama, anasubiri jibu. Nilipaswa kumwambia arudie. Rudia, basi. Lilikuwa mdomoni tayari. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona aibu maishani.

Nikasema, "Itakuwa fyuzi."

Nikashuka, nikafungua boneti, nikashikashika vitu. Nilipoifunga, kiti chake kilikuwa kitupu na yeye anaingia getini. Mlango wa gari aliufunga polepole. Angeubamiza ningejua pa kuanzia.

Shemeji alibaki kunieleza, kwa sauti ambayo haikuhitaji amplifaya, kwamba jana kwenye simu mdogo wake alinisihi neno moja tu: usiwashe redio.

Jumapili, 15 Juni

Nimeshinda ndani. Nimekaa kochini nikitazama ukuta ilipokuwa televisheni, najaribu kuipatia ile sentensi mwanzo wake. Ukiacha kukoroma, basi mimi narudi nyumbani leo hii. Inafaa. Ukimwomba dada radhi. Inafaa. Ukiuza gari. Hata hiyo inafaa, na ningeliuza, naapa. Zote ningezifanya leo leo kabla jua halijazama. Sijui ipi.

Mtikisiko amegonga kuuliza rimoti iko wapi. Nimempa. Akauliza binamu anaendeleaje. Nikamwambia binamu ana huzuni.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeamka na akili mpya. Kosa nimeliona, tena ni dogo. Muziki ulikuwa na amplifaya, mke wangu hakuwa nayo. Angeshinda vipi?

Nimewahi kwa fundi kabla hajafungua duka. Nikampa mpango wote: amplifaya kubwa zaidi, waya mnene safari hii, na tundu la kipaza sauti. Kipaza sauti kifungwe kwenye dashibodi, mbele ya kiti chake, kwa urefu wake. Aongee, spika zote zitoe, sabufa itoe. Hakuna neno lake litakalonipita tena mpaka nakufa. Hapo tutasikilizana.

Fundi alijikuna kidevu muda mrefu. Akaniuliza kama nimeshajaribu kuizima tu. Nikamwambia ajibu kama fundi. Akashusha pumzi, akasema haya, ili achague kinachofaa lazima ajue sauti ya mama ikoje. Nzito au nyembamba? Huongea kwa nguvu au chini chini?

Tumeoana miaka mingi. Nikafumba macho pale dukani na kuitafuta, nikaitafuta sana, nikapata wimbo wa harusi na besi yake yote.

Nikamwambia anishushie ile ya 3000.