Mkono wa Kushoto Umegoma

Jumapili, 8 Desemba

Mdomo umeniponza tena. Tulikwenda kumjulia hali mama mkwe. Katoka hospitali juzi, amekonda, sauti imebaki ya kunong'ona. Akaitazama piano ya marehemu mumewe pale sebuleni, ile iliyogeuka meza ya picha na maua ya plastiki. Akasema Krismasi hii angependa kuisikia mara moja tu. Wimbo mmoja mwepesi wa Krismasi, ule ambao hata mtoto wa chekechea anaujua.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akasema hakuna mpiga piano katika ukoo huu. Huyu ndiye wanayemwita Koo la Dhahabu, kwa kuwa kila shughuli lazima aimbe. Alisema huku ananitazama mimi.

Nikasema mimi naweza.

Mke wangu akauliza tangu lini. Nikajibu mtu hajitangazi kila kitu. Mama mkwe akanishika mkono, machozi yakimlengalenga.

Piano ile nimewahi kuifuta vumbi. Basi.

Jumanne, 10 Desemba

Nimepata mwalimu. Bibi mstaafu, alipiga kinanda kanisani mpaka mgongo ukakataa. Chumba chake chote kinanuka dawa ya kuchua. Nikamweleza kwamba sitaki kujifunza piano, nataka wimbo mmoja tu. Akasema nimefanana na mtu anayetaka kujua kuogelea kwenda, kurudi hapana.

Mkono wa kulia si mbaya. Wa kushoto umegoma. Wa kulia ukipanda, nao unapanda, kama mbuzi aliyefungwa kamba moja na mwenzake. Nikiukaza, unaganda kabisa.

“Mwanangu,” akaniuliza kwa upole, “huo mkono ni wako kweli?”

Nimerudi nyumbani nimechoka kuliko siku ya kupiga pasi mashuka ya hoteli.

Ijumaa, 13 Desemba

Mimi ni mpiga pasi kwa dobi. Leo nilipoitazama meza ya pasi, akili ikafunguka. Ndefu! Pana! Nikachukua chaki ya fundi cherehani, nikachora vibonye vyote vya piano juu ya kitambaa cha meza. Kila nikimaliza shati, napiga hapo mstari mmoja wa wimbo kwa vidole. Bosi akapita, akauliza vidole vyangu vina nini. Nikasema baridi.

Mchana likaletwa joho jeusi la wakili, la haraka. Nami nikaharakisha. Nikalitandaza, nikashusha pasi, mvuke ukafanya kazi yake. Wakili akaondoka nalo.

Akarudi jioni. Alikuwa amesimama mbele ya hakimu akitetea mtu kwa uchungu. Kila alipogeuka, mahakama nzima inaangua kicheko. Mgongoni ana piano ya chaki, kutoka bega hadi bega.

Nimehamishiwa kwenye mashuka moja kwa moja. Mashuka hayana mwisho.

Jumatatu, 16 Desemba

Mstari wa kwanza umeingia. Wa pili unaingia ukitaka wenyewe. Wa tatu ni ukuta.

Mke wangu akauliza kwa nini kila jioni narudi nanuka dawa ya kuchua. Sikutaka ajue kwamba gwiji anafundishwa na bibi, nikasema mgongo unauma. Akanilaza kifudifudi, akanichua kwa nguvu zote za ndoa. Sasa mgongo unauma kweli.

Alhamisi, 19 Desemba

Nilidhani huu ndio mpango wa mwisho. Nikamtafuta fundi wa piano, nikamwomba kwa siri aje kwa mama mkwe, afungue ile piano, atikise kichwa, aseme imekufa. Nani atanilaumu?

Akaja. Akafungua kifuniko, akachungulia ndani. Kisha akasema piano hii haijafa, imesusa tu. Akavua koti. Mchana kutwa kakaza nyuzi, kagonga, kasafisha, kanisahau kabisa. Alipobonyeza vibonye vya kwanza, nyumba ikajaa sauti.

Mama mkwe akatoka chumbani kwa miguu yake, hakushikwa na mtu, mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Akasema mkwe kama mimi hazaliwi tena. Mke wangu akanikumbatia mbele za watu.

Nikaenda chooni, nikajifungia, nikakaa.

Jumapili, 22 Desemba

Nimefunga bandeji mkono wa kushoto. Nimeungua na pasi, nikawaambia. Mama mkwe akanipa pole nyingi, akasema wa kulia unatosha. Hilo sikulitazamia.

Mbaya zaidi, Koo la Dhahabu akasema jeraha la moto linataka hewa. Kabla sijaruka pembeni, ameshaifungua bandeji. Kiganja laini kama cha mtoto mchanga! Akasema Mungu wangu anaponya upesi.

Mke wangu alisubiri mpaka tulipofika nyumbani.

“Baba watoto, unajua kupiga au hujui?”

“Najua kidogo.”

“Kidogo mpaka wapi?”

“Mstari wa tatu.”

Akakaa kitandani, akavua viatu taratibu. Akasema kesho kutwa nikamwambie mama yake ukweli, kwa mdomo wangu, kabla watu hawajakusanyika. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Jumanne, 24 Desemba

Nilikwenda. Nimekariri maneno njia nzima. Nikamkuta mama mkwe anasukwa nywele na jirani, gauni jipya limetundikwa mlangoni. Akasema ana hamu mpaka chakula hakipiti. Nikasema nimekuja kumsalimu tu.

Nikapitia kwa mwalimu. Nikapiga, nikakwama, nikaanza upya, nikakwama. Akanishika kidole.

“Ukikwama, usirudi nyuma. Watu wanasamehe kosa. Kuanza upya hawasamehe.”

Jumatano, 25 Desemba

Sebule ilijaa mpaka mlangoni. Koo la Dhahabu kasimama kando ya piano, mkono kifuani. Akaniuliza nitaanzia sauti gani. Nikamwambia ya piano.

Mstari wa kwanza, salama. Wa pili, jasho. Wa tatu, mkono wa kushoto ukaangukia vibonye kama sufuria zinazodondoka kutoka kabatini. Nikakwama. Shemeji akabaki mdomo wazi. Mke wangu ameinamia viatu vyake.

Mama mkwe akaanza kucheka. Akacheka mpaka akapaliwa, watu wakakimbilia maji.

“Hapohapo!” akasema. “Mzee wangu naye alikuwa anakwama hapohapo! Miaka yote ile, mwisho wa wimbo huu sijausikia kwenye piano hiyo!”

Kisha akauendeleza mwenyewe, kwa kile kisauti chake, na nyumba nzima ikamfuata. Mimi nikabonyeza kibonye kimoja mpaka mwisho. Akataka turudie. Nikakwama palepale, watoto wakapiga kelele za furaha. Tukarudia tena na tena mpaka Koo la Dhahabu akapoteza sauti. Mama mkwe akala sahani nzima, akaomba nyongeza. Wakati wa kuondoka mke wangu akaniegemea begani, akasema nina bahati kuliko akili.

Ijumaa, 27 Desemba

Nimechoka, lakini ni uchovu mtamu. Nikiwa katikati ya mashuka, mchungaji akaingia kuchukua kanzu zake. Akasema mama mkwe anamsimulia kila mtu kuhusu piano. Tena mpiga kinanda wa kanisa kasafiri, na ibada ya mwaka mpya ni Jumatano. Je, ningeweza kushika nafasi?

Nikamuuliza nyimbo ngapi. Akasema saba.

Nikamwambia saba ni chache, aongeze.