Mjukuu wa Kaburi la Marambo

Ni nani aliyelala chini ya tuta lile la udongo huko Marambo, pembeni mwa mikorosho ya Bi Tunu? Msimulizi hana jibu kwa sasa, na anaomba radhi. Kassian wa Mandawa naye hakuwa nalo, ila yeye hakuwa mtu wa kukwamishwa na upungufu mdogo kama huo.

Siku aliyoliona tuta alikuwa akipita na pikipiki yake ya abiria, mali pekee aliyowahi kuimiliki bila kesi. Kwenye stendi ya Nachingwea alikuwa amewasikia wasafiri wakilalamika kwamba milima ya Ruangwa inapendeza, lakini imekwisha kupigwa picha na kila mtu. Walitaka mahali pasipojulikana. Kassian, mwenye moyo wa huduma, akaamua kuwapatia. Alilizungushia tuta mawe, akachomeka juu yake usukani wenye kutu aliouokota kwa fundi, na historia ikawa imepatikana.

"Hapa amelala babu yangu Eustakio," aliwaambia Jumamosi wageni wake wa kwanza, Koleta, mwalimu kutoka Dodoma, na wenzake. "Dereva wa trekta enzi za mashamba ya karanga. Alikataa kuuachia usukani hata alipokata roho. Wazungu wakaona yaishe, wakamzika nao."

"Jamani! Na hakuna aliyewahi kuandika habari zake?" aliuliza Koleta, simu yake ikirekodi.

"Hakuna, dada. Wewe ndiye wa kwanza."

Maneno hayo yakailegeza mifuko yote. Kassian alizipokea noti kwa huzuni iliyopangwa vizuri.

Mara vikasikika vigelegele. Bi Tunu alikuwa akija na wanawake wa kijiji, masufuria matupu vichwani.

"Mjukuu amepatikana!" alitangaza. "Wageni, mna bahati. Kwetu mjukuu akishalitambua kaburi, huwalisha waliolitunza. Kijiji kizima! Ng'ombe na wali, siyo mambo ya chai na maandazi."

"Bibi, tutapanga siku..."

"Tupange nini? Marehemu amesubiri mno!"

Akamvuta Kassian kando na kumnong'oneza. "Pale nilimfukia mbuzi wangu, alilamba dawa ya mikorosho. Juzi nilikuona ukipanga mawe. Leo nimekusikia nikiwa nyuma ya mti. Sasa chagua, baba. Uwe mjukuu wa Eustakio utulishe, au niwaambie wageni wako wewe ni mjukuu wa nani."

"Ng'ombe nitamtoa wapi, bibi?"

"Pikipiki unayo. Mwanangu Jonasi anaitafuta ya kununua."

"Nami nitakula nini bila pikipiki?"

"Kesho utakula wali, kama wenzio."

Kassian akamtazama Koleta, aliyekuwa amepiga magoti akipangusa usukani kwa kitambaa chake cha kichwani. Akaifikiria stendi nzima ikimlilia "mee!" kila apitapo. Gerezani watu huenda na kurudi wakapokewa kwa heshima zao. Lakini mjukuu wa mbuzi angempakia abiria gani?

Alikohoa, akasogea mbele ya umati, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema jambo la kweli.

"Ndugu zangu, nimeamua. Pikipiki naiuza leo. Kesho tunachinja."