Malalamiko Kuhusu Meno ya Paka Mkaguzi

Kwa Bwana Ouma,
Mwenyekiti, Kikundi cha Wauza Omena,
Dunga, Kisumu.

Bwana Mwenyekiti,

Natumaini u mzima, na kwamba omena zako zimekauka vizuri kuliko zangu. Nakuandikia kwa heshima yote iliyonibakia, ambayo si nyingi, kumlalamikia yule daktari wa mifugo, Bi. Nabututu, uliyemwalika kuchanja mbwa na paka wetu dhidi ya kichaa. Alikuja kuchanja, akabaki kutuharibia desturi.

Unamjua paka wangu, Mkaguzi. Ndiye anayelinda magunia yangu ya dagaa hawa wa omena dhidi ya panya, na hajawahi kuomba likizo. Sasa soma mambo aliyofanyiwa.

1. Daktari alimfungua mdomo mbele ya akina mama wote wa kikundi, bila kuniuliza. Akanusa, akasema harufu ile ni ya ugonjwa. Nikamweleza kwamba hapa Dunga hata Mwenyekiti ananuka samaki na hajalazwa hospitali. Hakucheka. Akasema ukoga umejaa, fizi zimevimba zinatoa damu, na meno ya nyuma yanalika kwenye mizizi. Miaka yote ile ya chuo, maskini, ili aje kuchungulia vinywa vya paka.

2. Ameyaita maringo ugonjwa. Ni kweli Mkaguzi siku hizi huchukua omena akaiangusha. Ni kweli hutafuna kwa upande mmoja, kichwa kimepinda kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani, mate yakimtiririka. Ni kweli pia huikimbilia sahani kwa njaa, kisha huikimbia kana kwamba imempiga kofi. Chanzo nilishakijua: mke wangu Rachael alimpa mnofu wa mbuta, samaki wa wakubwa, wakati wa Krismasi, na tangu hapo omena anaiona chakula cha wanyonge. Daktari anadai eti paka huficha maumivu, na kwamba huyu ameumwa muda mrefu huku akienda kazini kimya. Kama ni hivyo basi ni mwanamume, aachwe. Nani hapa ufuoni hafichi maumivu yake?

3. Hili ndilo kubwa. Anataka kumlaza kwa dawa, amsafishe kinywa, ampige picha ya taya, kisha ang'oe meno yaliyoharibika, pengine sita. Wewe ni Mluo, unajua uzito wa hesabu hiyo. Marehemu baba yangu alitolewa meno sita ya chini na wazee wa Asembo, akiwa macho, bila kutikisika, ndipo akahesabiwa mtu. Zamu yangu ilipofika, watu wa kanisa walikuwa wameshakataza, nikabaki na meno yangu yote kama mtoto. Leo paka, ambaye hata ukoo wake haujulikani, apewe heshima niliyonyimwa mimi? Akitoka huko atakuwa mkubwa wangu katika boma langu mwenyewe. Nani atapakuliwa kwanza? Nani atakalia kiti cha kuegemea? Na kukiwa na jambo la mila, wazee watamwita nani?

4. Baada ya hapo eti apewe dawa ya maumivu na samaki aliyepondwa laini. Meno yatakayobaki yapigwe mswaki kila siku, kwa dawa ya meno ya paka, si hii yetu, kwa kuwa yetu itamdhuru. Tukikubali hili, kesho kuku wataomba miwani, na mbuzi wa jirani yangu Owiti atataka kupelekwa Nairobi kupimwa figo.

5. Panya. Nilimuuliza daktari ni panya gani atamwogopa mkaguzi kibogoyo. Akanijibu polepole, kama anayezungumza na mgonjwa: "Mzee, hayo meno hayamsaidii tena. Yanamuuma tu." Nikambeba Mkaguzi nikaenda zangu, kwa sababu ya hasira. Rachael amenuna tangu siku hiyo, na hata chai ananisukumia mezani.

Kwa hivyo naomba kikundi kipitishe azimio kwamba daktari huyo asifungue tena mdomo wowote Dunga, isipokuwa wake wakati wa kula. Anarudi Alhamisi na vifaa vyake. Ruhusa nimekataa kutoa, na sitaitoa. Mkaguzi naye astaafishwe kwa utovu wa nidhamu, apelekwe kwa shemeji yangu kule Ahero, ambako wali hauhitaji kutafunwa sana.

Nisalimie mama watoto, nisalimie akina mama wa kikundi na wote wanaoanika omena bila kelele. Hata daktari msalimie, lakini kwa ufupi.

Wako katika kutetea mila na magunia,
Mzee Zacchaeus Oketch

Nyongeza: Barua hii usiisome mkutanoni. Rachael alipokwenda kanisani nilijaribu mwenyewe. Nilichukua mnofu wa ngege, nikautoa miiba yote, nikamwekea kiganjani. Alikuja mbio. Alipouma tu alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama, akajikwaruza mdomo kwa kucha, akakimbilia nyuma ya magunia. Kisha akarudi. Akasimama akiutazama ule mnofu, njaa ikimtetemesha, asithubutu kuugusa. Nimeumia, Ouma. Alhamisi ni mbali. Mpigie daktari simu aje leo, ang'oe yote yanayomuuma, hata yakizidi sita. Mwambie nitamshika mwenyewe mpaka usingizi umchukue, na akiamka anikute hapo hapo.