Ombi la Kukamatwa kwa Kosa la Ushairi

Kiliani Kinunda,
Mwalimu Mstaafu, Mshairi na Mchoraji,
Kijiji cha Lupogola,
Mbinga.
3 Machi.

Mheshimiwa Mkuu wa Kituo cha Polisi,

YAH: KUCHELEWA KUNIKAMATA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shikamoo kama umenizidi umri. Kama mimi ndiye mkubwa, yangu nitaipokea siku ya kukamatwa.

Mheshimiwa, mimi ni mshairi, mchoraji na mpinga maovu kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na hadi leo hakuna askari aliyenigusa hata bega. Nimevumilia nikidhani mna kazi nyingi. Sasa nina miaka sitini na tatu na magoti yameanza kuuma. Mkiendelea kuchelewa nitakuwa mfungwa wa kubebwa.

Chanzo cha ombi langu ni kitabu kisicho na jalada nilichokiokota kwenye kabati la parokia. Humo kuna habari za Kaburu mmoja wa Afrika Kusini, mshairi na mchoraji kama mimi. Aliandika kwa lugha ya watu wake, kisha akawageukia watu wake haohao na kuwaambia kwamba ubaguzi wao ni uovu. Akaoa mke ambaye sheria zao zilimkataza, akaishi uhamishoni, akarudi kwa siri na pasi ya bandia, akakamatwa, akafungwa miaka saba. Alipotoka, dunia ilimsoma. Nilipofunga kitabu nilijipima naye. Mashairi ninayo, rangi ninazo. Kilichopungua ni gereza, na safari ya huko inaanzia mezani kwako.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Daraja la mto ulio chini ya kijiji, ambalo ndilo njia yetu ya kwenda hospitali Litembo, lilisombwa na maji mwaka juzi. Masika yaliyopita Edina, mke wa jirani yangu Romanus, alijifungulia ukingoni kwenye matope, huku wabeba machela wamesimama wakiyatazama maji. Mtoto alipona kwa huruma ya Mungu tu. Mimi nilikasirika beti ishirini na nne. Nikazighani mbele ya mgeni mkubwa aliyekuja kutuahidi daraja kwa mara ya tatu, huku nimetanguliza mikono yote miwili tayari kwa pingu. Mgeni alipiga makofi. Akasema vina vimekaa vizuri, akaomba shairi la kusomwa kwenye sherehe ya kumuaga binti yake. Kwa aibu nakiri kwamba nilimtungia, tena lilikuwa zuri kuliko lile la daraja.

2. Nilipoona ushairi hauwaudhi, nikahamia kwenye rangi. Katika ukuta wa ofisi ya kijiji nilimchora mgeni yuleyule kama samaki mbasa mkubwa wa ziwani, amefumbua kinywa, anameza mbao za daraja. Chini niliandika jina langu kamili na namba ya simu, kama ninavyofanya kwenye kazi zangu zote, ili polisi wasipate taabu ya upelelezi. Akina mama wanaoleta samaki kutoka Nyasa waliiona picha wakajua hapa ndipo soko lilipopangwa. Sasa kila Alhamisi wanauza usipa, dagaa wa huko Nyasa, chini ya ghadhabu yangu. Mtendaji ameniandikia barua ya shukrani kwa kukuza biashara, na ananiomba nichore na dagaa.

3. Hata ndoa haikunisaidia. Mke wangu, Benadetha, ni mtu wa ufukweni, Mbamba Bay, nami ni Mmatengo wa milimani. Nilitegemea wazee wakatae, nipate la kuandika. Walitoa mbuzi. Neno lao pekee lilikuwa kwamba binti wa ziwani hawezi kulima ngoro, kilimo chetu cha mashimo mlimani, na hilo nalo alilivunja ndani ya msimu mmoja.

4. Nilijaribu uhamisho. Nilishuka hadi Mbamba Bay nikiwa na nia ya kuvuka ziwa na kuikosesha nchi sauti yangu. Ziwa lilichafuka, nikalala siku mbili kwa shemeji yangu Clemence, nikala vizuri mno. Nikaamua kurudi kwa siri, nimevaa miwani myeusi, kwa jina la bandia la Leopold. Pale Mbinga mjini dereva wa bodaboda aliniambia shikamoo mwalimu, akasema miwani ya mama imenikaa vizuri. Alinifikisha hadi mlangoni bila kuuliza ninakokwenda.

5. Hili la mwisho ni la nyumbani, na ndilo linaloniuma zaidi. Kila nikimaliza shairi Benadetha husikiliza hadi mwisho, kisha huuliza kama daraja limekuja. Jana nilimwomba aninakilie barua hii kwa mwandiko wake mzuri. Yeye akaniomba nikawalazie majani, yeye na wenzake.

Kama u mgeni huku, nikueleze. Katika ngoro mwanaume ndiye anayekata majani na kuyalaza chini kwa mistari ya miraba. Mwanamke huchimba katikati na kuyafukia kwa udongo, panabaki shimo, na maji ya mvua hutua humo badala ya kuuburura mlima. Nilimjibu kwamba mtu anayesubiri kukamatwa hawezi kuanza kazi asiyoweza kuimaliza. Alinitazama kidogo, akachukua fyekeo mwenyewe. Sikuuliza ni shamba gani.

Kwa hayo, naomba nikamatwe siku ya Alhamisi, soko likiwa limejaa. Nitaomba kifungo cha miaka saba, ingawa naweza kushuka hadi mitano. Nipewe chumba chenye dirisha, niruhusiwe sweta, na Juni hadi Agosti niachiwe kidogo kwa ajili ya kuchuma kahawa, kisha nitarudi mwenyewe.

Nisalimie askari wote na familia zao, na mpishi wa mahabusu, ambaye natumaini tutazoeana.

Ni mimi, mkosaji wako mtarajiwa,

Mwl. Kiliani Kinunda.

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha kwa gundi Romanus alipokuja mbio. Anasema yule mgeni alikuwa njiani kuja kuahidi mara ya nne, akakuta barabara haipitiki. Wanawake wamelaza majani kwa miraba kutoka mtaro hadi mtaro, wamechimba ngoro safu nne, mashimo ya kufika magotini, katikati ya barabara. Waliulizwa kiongozi wao ni nani. Benadetha alisema ni yeye. Yuko kwako tangu saa nane.

Mheshimiwa, hayo ya juu yote yafute. Huyo si mshairi. Hajawahi kutaka kusomwa na mtu. Ana kifua, na asubuhi alitoka bila sweta. Nimekaa jikoni nikiyatazama mafiga, nikaona kwamba gereza nililokuwa naliomba lilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake, mimi, na sikuwahi kumfikiria anayebaki nyumbani. Naogopa. Nakuja sasa hivi na sweta lake na ugali. Ukimwachia, sitakuomba pingu tena maisha yangu.

Naongeza haya njiani: nimechelewa kidogo kwa sababu nilipitia shambani kuchukua majani makavu. Nimeyalaza pale barabarani, safu ya tano na ya sita, kuelekea mtoni, ili akirudi asikose pa kuanzia. Mistari imenyooka. Hiyo sikuiwekea jina.